Kwa anayetaka kujitolea kupokea simu za wanawake waliobakwa: niliyojifunza

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu asiyesomea ushauri nasaha anaweza kujitolea kupokea simu za wanawake waliobakwa, na unasema unaogopa utatamka neno la kumwumiza zaidi. Nimepokea simu hizo hapa Mombasa kwa miaka sita, zamu za usiku. Unaweza, mradi ufundishwe kwanza na uwe na msimamizi wa kumweleza yaliyokulemea. Na huo uoga usiuondoe wote, utakusaidia. Visa nitakavyotaja nimevibadilisha ili mwenyewe asijulikane.

Usitarajie kusikia "nimebakwa". Wengi hawalitamki. Utasikia "alinifanyia tabia mbaya", "amenichafua", au "kuna jambo limempata rafiki yangu". Huyo rafiki mpokee hivyo hivyo, kama rafiki. Ukimwambia "si ni wewe?" umemvua nguo mara ya pili. Pengine baada ya nusu saa atasema "mimi" bila kuulizwa. Asiposema, maelezo ameshayapata.

Kosa ambalo halijanitoka nililifanya mwezi wa kwanza. Alipiga msichana alfajiri, sauti ya chini sana, na nyuma yake nasikia maji yakimiminwa kwenye karai. Akasema, "Nataka nioge kwanza, halafu tutaongea." Mafunzo yalikuwa bado ya moto kichwani mwangu: ushahidi, nguo, daktari. Nikamkatiza: "Usioge! Usioge kabisa!" Maji yakanyamaza. Kisha simu ikakatika, na hakupiga tena. Usiku kucha alikuwa mikononi mwa mtu anayemwamrisha, nami neno langu la kwanza kwake likawa amri.

Leo ningemwuliza kwanza kama hapo alipo yuko salama, na kama anatoka damu au ana maumivu makali. Kisha ningemweleza, polepole, kwamba akioga kuna alama daktari hataziona tena, kwa hiyo kama anataka kwenda hospitali ni bora angoje, na nguo alizokuwa nazo azitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa plastiki hufungia unyevu na ushahidi ukaoza. Halafu ningenyamaza, aamue yeye. Na kama ameshaoga, aende vilevile! Hili lirudie, maana wengi wakishaoga huona mambo yamekwisha. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kufaa hadi siku 5, ila kadiri anavyochelewa ndivyo vinavyopungua nguvu.

Ujue pia sheria ya kwako. Hapa Kenya tuna Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na chini ya kanuni zake za 2012 matibabu katika hospitali ya umma ni bure. Si lazima aanzie polisi. Aende hospitali, sisi wengi tunawaelekeza Makadara, Hospitali Kuu ya Pwani. Daktari atajaza fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kubakwa, na nakala moja ni ya mwanamke mwenyewe, aitunze. P3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, inaweza kufuata. Kama hana salio, namba ya msaada 1195 ni bure kupiga. Kama aliyefanyiwa ni mtoto, namba ni 116.

Sasa maneno. Futa "kwa nini" kinywani mwako. "Kwa nini ulienda kule?" "Mbona hukupiga kelele?" Hayo ameshaulizwa na mamake, au amejiuliza mwenyewe tangu usiku. Mwili wa mtu aliyeshikwa na hofu huweza kuganda, sauti isitoke, na hata akisimulia mambo huja yamepinduka, la mwisho likatangulia. Hasemi uongo huyo. Mwambie "nakuamini" na "kosa si lako", kisha umwachie nafasi. "Pole" ni neno kubwa, lakini ukilirudia kila pumzi anasikia kama unataka amalize. Na "subiri, Mungu atalipa" tafadhali mwachie aliseme yeye akitaka. Mimi muumini, naliamini neno hilo, ila nimesikia wanawake wakifungwa mdomo kwalo na jamaa zao huku wazee wakikaa kikao kulimaliza jambo nyumbani.

Kuhusu kulia: utalia. Msimamizi wangu hakubali niondoke zamu bila kukaa naye dakika kumi. Siku za mwanzo niliona ananichelewesha, sasa naona bila hizo dakika ningeacha zamani.

Jambo moja halimo kwenye mafunzo mengi, nami naliuliza kila simu mapema: "Akiingia mtu, tutajidai tunaongea nini?" Usimpigie wala kumtumia ujumbe bila ruhusa yake, mwingine simu yake hukaguliwa na huyo huyo aliyemfanyia. Mama mmoja tulikubaliana kwamba mimi ni Mama Asha muuza unga. Tukiwa katikati, sauti yake ikabadilika ghafla: "Basi Mama Asha, kilo mbili nitachukua kesho." Akakata. Nikakaa na simu mkononi, siwezi kumpigia, naangalia saa ya ukutani.

Saa tisa usiku simu ikalia. "Mama Asha, unga bado upo?"

Nikamwambia upo, na tukaendelea pale tulipoachia.