Maswali ya wasomaji: Sensa inapouliza jinsia yako

SWALI: Nimesikia kwamba Uingereza iliuliza habari za utambulisho wa kijinsia kwenye sensa, kisha takwimu zake zikatiliwa shaka. Je, watu walikataa kujibu?

JIBU: Hapana, walijibu kwa wingi. Sensa ya Machi 2021 ya England na Wales iliwauliza wenye umri wa miaka 16 na kuendelea, kwa hiari, na asilimia 94 walijibu. Kasoro ilikuwa kwenye swali lenyewe. Kwa Kiswahili lingesomeka hivi: "Je, jinsia unayojitambulisha nayo ni sawa na jinsi uliyosajiliwa nayo ulipozaliwa?" Hapa "jinsi" ni ule uke au uume wa maumbile unaoandikwa mtu anapozaliwa; "jinsia" ni vile mtu mwenyewe anavyojitambua. Ukikubali unatia alama kwenye "Ndiyo". Ukikataa unatia alama kwenye "Hapana", halafu unaandika jinsia yako.

Sentensi hiyo moja inamdai mtu aelewe mambo manne kwa mpigo: jinsi, jinsia, kujitambulisha na usajili, kisha ayalinganishe mwenyewe kichwani. Mwenye Kiingereza cha kubabaisha anajikwaa hapo. Waliojibu "Hapana" walikuwa kama 262,000, na kati yao 118,000 hawakuandika jinsia yoyote. Maeneo ya Newham na Brent jijini London, wanakoishi wahamiaji wengi, yalitoa viwango vya juu kuliko kwingine, na "Hapana" ilizidi miongoni mwa watu wasiokijua Kiingereza vizuri. Ofisi ya takwimu ya huko ilikiri kwamba huenda baadhi ya watu hawakulielewa swali kama lilivyokusudiwa, na mwaka 2024 takwimu hizo ziliondolewa kwenye daraja la takwimu zilizoidhinishwa.

Kosa dogo huzaa madhara makubwa kiasi hicho kwa sababu kundi linalotafutwa ni dogo. Piga hesabu ya mfano. Chukua watu 1,000,000, ambao 4,000 kati yao kweli jinsia yao hailingani na ile waliyoandikishwa. Wanabaki 996,000. Wakikosea wawili tu katika kila elfu moja ya hao, unapata majibu 1,992 ya bahati mbaya. Jumla inakuwa 5,992, na theluthi yake ni makosa matupu. Kwenye swali la kazi au elimu, kosa la wawili kwa elfu hata halionekani.

SWALI: Sasa swali zuri lingeulizwaje?

JIBU: Ligawe mara mbili. Kwanza uliza jinsi ya wakati wa kuzaliwa, kisha uliza jinsia ya sasa, na kazi ya kulinganisha ifanywe na ofisi ya takwimu. Kanada ilifanya hivyo Mei 2021. Swali la kwanza lilikuwa na majibu mawili, kiume na kike; la pili lilikuwa na mwanamume, mwanamke, na nafasi ya kuandika jibu jingine. Miongoni mwa watu karibu milioni 30.5 wenye miaka 15 na zaidi walipatikana 100,815: transijenda, yaani watu ambao jinsia yao si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, 59,460, na 41,355 ambao si wanaume wala wanawake pekee. Nyuzilandi nayo iliuliza yote mawili mwaka 2023, ila ilianza na jinsia.

Njia hii nayo ina mtego wake. Anayejaza fomu ya watu saba kwa haraka anaweza kuteleza mstari mmoja, akamwandika mkewe kuwa wa kiume katika swali la kwanza na mwanamke katika la pili. Ndiyo maana dodoso la kishikwambi linafaa kumrudishia mjazaji majibu yake mawili ayathibitishe, kwa maneno yaleyale kwa kila mtu. Likiwauliza "una uhakika?" wale tu ambao majibu yao yanatofautiana, litawatisha waliojibu kweli.

SWALI: Kwa nini tusiongeze kisanduku cha tatu tu?

JIBU: Kwa sababu hutajua umemhesabu nani. Australia mwaka 2021 iliweka chaguo la tatu ndani ya swali la jinsi, likachaguliwa na watu 43,220. Ofisi ya takwimu ya huko yenyewe ilionya kwamba idadi hiyo haiwezi kutumika kuhesabu transijenda wala huntha. Transijenda anayejitambua kuwa mwanamke hutia alama kwenye "kike", na hapo amepotea kwenye hesabu.

Huntha ni suala jingine kabisa: linahusu maumbile ya mwili aliyozaliwa nayo mtu. Kenya iliwahesabu mwaka 2019 kwa msimbo wao katika swali la jinsi, wakapatikana 1,524. Ukiwachanganya na transijenda kwenye kisanduku kimoja, unawakosea wote.

SWALI: Dodoso likiwa la Kiswahili, ugumu uko wapi?

JIBU: Upo kwenye herufi moja. "Jinsi" na "jinsia" karani akizisoma upesi mlangoni, sikio halizitofautishi, na watu wengi huzitumia kwa maana moja. Usimtegemeze mhojiwa kwenye maneno hayo. Uliza: "Ulipozaliwa, ulitambuliwa kuwa mtoto wa kike au wa kiume?" Kisha: "Na sasa, wewe unajitambua kuwa mwanamke, mwanamume, au vinginevyo?" Epuka "mume" na "mke" kwenye majibu, maana mtu atadhani anaulizwa kuhusu ndoa.

Kabla ya kuchapa, wasomee watu wa kawaida swali hilo, kisha mwambie kila mmoja alieleze upya kwa maneno yake. Akikwama, rekebisha swali. Usianze kumfafanulia, kwa sababu siku ya sensa hutakuwepo.

Lugha yetu ina faida moja kubwa: "yeye" haina uke wala uume. Karani anaweza kuhoji kaya nzima bila kukisia jinsia ya mtu. Kinachoharibu ni ile tabia ya kumtazama mhojiwa, au kusikia jina lake, na kujaza bila kuuliza. Hilo likemewe tangu kwenye mafunzo.

SWALI: Mkuu wa kaya akijibu kwa niaba ya wote, siri ya mtu itakuwaje?

JIBU: Hapo ndipo watu wengi hufichwa, wala si kwa nia mbaya: baba hawezi kusema asichoambiwa. England na Wales ziliruhusu kila mwenye miaka 16 au zaidi kuomba fomu yake binafsi bila wenzake nyumbani kujua, na jibu lake ndilo lililochukua nafasi ya lile lililojazwa kwenye fomu ya kaya. Pale ambapo karani ndiye anayeandika, ampe mhojiwa kishikwambi ajaze swali hilo kwa mkono wake, au amwonyeshe kadi yenye majibu yaliyopewa namba, naye ataje namba tu.