Albuterol na salbutamol ni dawa ileile

Dada, umeuliza kama albuterol, dawa ya pumu ya kuvuta, ni tofauti na salbutamol: ni ileile. Hiyo albuterol mliyoletewa kutoka Marekani ndiyo salbutamol ambayo mama amekuwa akinunua hapa Mwanjelwa, Mbeya. Shirika la Afya Duniani huipa kila dawa jina moja la kimataifa (orodha ya kwanza ilitoka 1953), na hii waliiita salbutamol. Wamarekani wana utaratibu wao wa majina, wakaiita albuterol. Ventolin ni jina la biashara tu.

Mikrogramu 90 kwa kila mvuto kwenye kopo lao na 100 kwenye letu zisiwatishe: wao wanapima dawa inayotoka mdomoni mwa kifaa, hapa kwetu inapimwa inayotoka kwenye vali ya kopo, kabla haijafika mdomoni mwa kifaa. Nipo duka la dawa, na baridi ya Juni ikianza Uyole swali hili huja sana.

Ila soma lebo nzima, maana kuna makopo yenye dawa mbili ndani. Na kama mama anaivuta zaidi ya mara mbili kwa wiki, mpeleke kwa daktari. Hii inafungua kifua tu, haitulizi pumu yenyewe.