Maswali ya Wasomaji: Barua pepe za zamani ndani ya Mutt

Swali. Kompyuta yangu ya zamani imekufa, lakini diski yake imepona, na ndani yake zimo barua pepe za tangu 2007 hadi 2013 nilizozipokea kwa Thunderbird. Siku hizi ninasoma barua kwa Mutt, katika kidirisha cha amri. Nilipofungua faili la Inbox.msf niliambiwa kuwa si sanduku la barua. Nilipofungua jirani yake, Inbox, barua zilitokea, ila zote zina alama ya kuwa mpya, na zile nilizozifuta miaka mingi iliyopita zimerudi. Je, faili limeharibika? (Msomaji, Tanga)

Jibu. Faili lako ni zima. Inbox.msf ni faharasa tu ambayo Thunderbird hujitengenezea, haina barua hata moja, kwa hiyo liache. Barua zenyewe zimo katika Inbox, ambalo limeandikwa kwa mtindo wa mbox: barua zote hufuatana ndani ya faili moja kama kurasa za daftari, na mpaka kati ya moja na nyingine ni mstari unaoanza kwa neno From likifuatwa na nafasi, wala si nukta mbili. Ukilitazama kwa amri ya `less Inbox` utakutana na mistari kama `From - Tue Mar 06 09:14:22 2007`. Mwandishi akianza mstari wa barua yake kwa neno hilohilo, programu nyingi huutanguliza kwa alama ya `>` ili usidhaniwe kuwa mpaka. Sisi tunaoandikiana kwa Kiswahili hatusumbuliwi sana na jambo hilo.

Kuhusu barua zilizofufuka, ukweli ni kwamba hazikuwahi kuondoka. Unapofuta barua katika Thunderbird, programu hiyo huiwekea alama tu, katika mstari wa kichwa cha barua uitwao X-Mozilla-Status, na maneno yenyewe hubaki ndani ya faili mpaka folda ibanwe, yaani zilizofutwa ziondolewe kabisa. Mutt haijishughulishi na mstari huo. Yenyewe hutafuta mstari mwingine, Status, na usipokuwepo huihesabu barua kuwa mpya.

Toa kwanza nakala ya faili, ufanye kazi juu ya nakala hiyo. Tengeneza folda ya `~/Mail` kama huna, na katika `.muttrc`, faili la mipangilio ya Mutt, uandike `set folder=~/Mail` na `set mbox_type=Maildir`, ili sanduku jipya liwe la Maildir, mtindo ambao huipa kila barua faili lake. Kisha andika `mutt -R -f Inbox`; herufi R huzuia faili lisibadilishwe hata ukikosea. Bonyeza `T`, andika `~A` ili barua zote zichaguliwe, halafu bonyeza `;` na `C`, na ukiulizwa pa kuzinakili ujibu `=zamani`.

Sasa hamia sanduku jipya kwa kubonyeza `c` na kuandika `=zamani`. Bonyeza `D`, uandike `~h "x-mozilla-status: ...[89a-f]"`, na barua zote ambazo tarakimu ya mwisho ya alama yake ni kuanzia 8 hadi f (baada ya 9 hufuata herufi a hadi f), yaani zile ulizozifuta zamani, zitawekewa alama ya kufutwa. Usiharakishe kubonyeza `$`, kwa kuwa hapo ndipo zinapoondoka kweli. Zipitie kwanza: mimi nilipofanya kazi kama hii nilikuta risiti ya ada ambayo nilikuwa nimeitafuta kwa miaka miwili. Ukimaliza, chagua tena zote kwa `T` na `~A`, kisha bonyeza `;`, `W` na `N`, na alama ya upya itaondoka.

Ukiona alama za ajabu mahali pa mikato au alama za kunukuu, ongeza katika `.muttrc` mstari wa `set assumed_charset="windows-1252"`. Maneno ya Kiswahili yenyewe hayaharibiki, kwa kuwa herufi zake zote ni za kawaida.

Swali. Nilipotaka kunakili sanduku langu la Maildir kwenye flashi, kompyuta ilikataa karibu kila faili. Flashi ni mpya na ina nafasi tele. (Msomaji, Nakuru)

Jibu. Tazama majina ya mafaili yaliyomo katika folda ya `cur`: mengi huishia kwa `:2,S`, na S hiyo ndiyo inayoonyesha kuwa barua imesomwa. Flashi nyingi huuzwa zikiwa na mpangilio wa FAT32 au exFAT, ambao haukubali nukta mbili katika jina la faili. Usibadilishe majina, kwani utapoteza alama zote. Funga folda nzima kuwa faili moja kwa `tar -czf zamani.tar.gz zamani`, unakili hilo, na ukifika kwenye kompyuta nyingine ulifungue ndani ya diski yake, si juu ya flashi.