Mwanangu, kuhusu ile manowari Take

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Umeuliza iweje Take, meli ndogo ya Kijapani ya kusindikiza misafara, iliyoundwa mbiombio Vita Kuu ya Pili vikiwa vimepamba moto, iizamishe destroya (manowari ya kasi) ya Kimarekani iliyoizidi karibu kwa kila kitu.

Japani ilipoteza destroya nyingi nzuri kule Guadalcanal, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, na kuzifidia kulihitaji muda ambao haikuwa nao. Ndipo wakabuni aina ya Matsu, ambayo Take ni mojawapo: tani 1,260 hivi, urefu mita 100, mwendo usiofika maili 28 za baharini kwa saa, wakati destroya zao kubwa zilikimbia 35. Ungeziona ungesema za maskini. Lakini mimi niliyezeekea chumba cha mashine navutiwa na mpangilio wake. Katika destroya zao za zamani boila zilikaa pamoja, na mashine pamoja nyuma yake. Hapa ni boila na mashine yake, kisha boila ya pili na mashine yake. Maji yakijaa upande mmoja, rafadha ya pili inaendelea kuzunguka, nanyi mnarudi nyumbani.

Sasa njoo Ghuba ya Ormoc, Ufilipino, usiku wa kuamkia 3 Desemba 1944. Take na mwenzake, meli iitwayo Kuwa, walikuwa wamesindikiza meli tatu za kuteremsha askari na shehena. Baada ya saa sita usiku wakavamiwa na destroya tatu za Kimarekani: Allen M. Sumner, Moale na Cooper, zenye rada na mizinga sita kila moja. Take ilikuwa na mitatu tu. Kuwa ikapigwa, ikazama. Take ikafyatua topido zake, yaani makombora yaendayo chini ya maji, na zile za Kijapani zilitumia oksijeni badala ya hewa ya kawaida, hivyo hazikuacha mkondo wa mapovu wa kukutahadharisha, na kila moja ilibeba karibu nusu tani ya baruti. Moja ilitosha. Cooper ilikatika vipande viwili na kuzama kabla dakika moja haijaisha, na watu 191 wakafa. Kesho yake ndege za Catalina zilitua majini kuokota manusura. Moja iliruka na watu 56, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza kuliko topido yenyewe.

Kwa hiyo jibu ni giza, ghuba finyu na silaha ile. Ila usiipime Take kwa usiku huo tu. Kazi yake ilikuwa kulinda meli za mizigo, na Japani iliunda kamandi kuu ya kusindikiza misafara Novemba 1943, nyambizi za Marekani zikiwa zimeshatafuna meli zake vibaya. Walichelewa mno. Matsu yenyewe, meli ya kwanza ya aina hiyo, ilizamishwa Agosti 1944 karibu na visiwa vya Ogasawara, ikiwa na msafara wake.

Take ilinusurika, ikarudisha Wajapani makwao baada ya vita, kisha 1947 ikakabidhiwa Waingereza huko Singapore na kukatwa vyuma chakavu. Ndugu yake Nashi, iliyozama Julai 1945, iliopolewa 1954 na kurudi kazini kwa jina la Wakaba. Ukipata picha zake za ndani, hasa za chumba cha mashine, nitumie.

Baba yako