Camino Francés: siku iliyonitesa si ya milimani, ni ya tambarare

Mkuu, umeuliza siku ipi ilitutesa zaidi kwenye Camino Francés, ile njia ya mahujaji ya kwenda Santiago de Compostela, Hispania, na naona wengi wameshakutisha na milima ya Pyrenees, mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Sibishi. Kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port hadi Roncesvalles unapanda zaidi ya mita 1,200, halafu ule mteremko wa msituni unakumalizia magoti. Ila siku hiyo bado una hamu, na kila ukigeuka kuna cha kutazama. Mimi iliyonikomesha ni Carrión de los Condes kwenda Calzadilla de la Cueza.

Ni kilomita 17 hivi bila kijiji hata kimoja. Ukishaipita monasteri ya San Zoilo na kushika ile barabara ya kale ya Warumi, imekula kwako: changarawe chini, mashamba pande zote mbili, njia imenyooka mpaka macho yanachoka. Nilipopita mimi ngano ilikuwa imeshavunwa, yamebaki mabua matupu. Maji ya bomba usiyategemee, na kivuli ni cha kutafuta. Ukikuta mtu ameweka kibanda cha vinywaji, shukuru, ila usikitie kwenye hesabu zako.

Nilitoka kukiwa bado giza, tochi kichwani, baridi ya kutosha kuvaa koti, kwani uwanda ule uko juu, kama mita 800 hivi. Mwanzoni raha tu. Jua lilipopanda ndipo shughuli ikaanza. Unaelekea magharibi, kwa hiyo asubuhi yote linakupiga kisogoni na ubavu wa kushoto. Jioni nilikuta mguu wa kushoto umeungua, wa kulia mzima.

Kinachochosha zaidi ni kwamba huoni unapokwenda. Mbele yangu kulikuwa na mtu mwenye begi jekundu, na kwa muda mrefu mno begi lile halikukua wala halikupungua. Ukiangalia simu unakuta kilomita zimesogea, lakini mandhari ni yaleyale. Kilima angalau kina kilele.

Katikati nikasikia joto kwenye kisigino. Hapo usijipe moyo kwamba utashughulikia ukifika. Nilikaa palepale kando ya njia, nikavua kiatu na soksi: ngozi nyekundu, imelowa jasho, na vumbi jeupe limejipanga kwenye alama ya mshono wa soksi. Nikapangusa, nikaacha mguu upigwe na upepo mpaka ukakauka kabisa, nikabandika plasta pana ya kitambaa, nikavaa soksi nyingine. Watu wakawa wananipita, kila mmoja na "Buen Camino" (safari njema) yake, nami naitikia kwa meno yaliyokazwa. Lakini lengelenge halikutokea. Wapo wanaosubiri litokee ndipo walipitishe sindano na uzi; mimi siwashauri hata kidogo.

Na Calzadilla yenyewe inakufanyia vitimbi, maana imejificha kwenye bonde. Unaanza kuamini umepotea, ghafla paa za nyumba hizo hapo chini yako.

Kwa hiyo: chakula nunua Carrión jioni ya kuamkia safari, beba maji lita mbili au zaidi, na soksi za akiba ziwe mfuko wa nje, zisizame chini ya begi. Mgongo ukilalamika, tuma begi mbele kwa gari. Si dhambi. Wanaotoa Compostela, yaani cheti cha kumaliza hija, wanataka angalau kilomita 100 kwa miguu hadi kufika Santiago, pamoja na mihuri ya njiani, hawakuulizi nani alikubebea nguo. Watakaokununia ni mahujaji wenzako, wasikusumbue.

Ukifika Calzadilla miguu mizima, Ledigos iko kama kilomita 6 mbele, na Terradillos de los Templarios kidogo baada ya hapo. Wenye haraka husogea ili kesho yake iwe nyepesi. Ukifika unachechemea, chukua kitanda hapohapo, fua soksi, nyoosha miguu. Mimi nililala Calzadilla.