7542 si mwaka wa kuzaliwa

Haipiti mwezi bila mgeni kuleta picha ya keki ya pu'er (chai ya Yunnan, China, iliyoshindiliwa kuwa kipande cha duara) yenye namba 7542, eti "ya mwaka 1975", karatasi imetobolewa na wadudu, bei yake kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Wadogo zetu, hebu tulieni kwanza.

1. 75 ni mwaka wa kubuniwa kwa mchanganyiko wa majani, yaani 1975. 4 ni daraja la majani. 2 ya mwisho ni kiwanda, yaani Menghai. Ingekuwa 1 ni Kunming, 3 ni Xiaguan. Mwaka wa kushindiliwa haumo hata kidogo, na 7542 inashindiliwa mpaka leo. Keki za Dayi (chapa ya Menghai) za miaka ya karibuni zina namba ya toleo pembeni: 701 ni toleo la kwanza la 2007. Hiyo ndiyo ya kusoma.

Kosa hili linauma kwa sababu halibaki kwenye namba. Ukishaamini 1975, kila kitu kinageuka ushahidi: doa la karatasi, harufu ya stoo, na hasa weusi wa chai yenyewe. Karatasi hupakwa maji ya chai ikazeeka kwa siku moja. Na weusi? Tangu 1973, Kunming ilipoanza kurundika majani, kuyamwagia maji na kuyafunika yachachuke yenyewe kwa siku kama 45 hadi 60, weusi si umri tena. Hiyo ni shou, pu'er iliyoharakishwa, na wengi wameilipia bei ya sheng kuukuu, pu'er mbichi iliyokomaa polepole kwa miaka (sheng ya Yunnan, si ile ya Nairobi). Baada ya mmimino wa sita (kumimina maji mara ya sita juu ya majani yale yale), mwaga majani kwenye sahani, sugua moja kwa vidole. La sheng kuukuu ni la kahawia, linavutika, linakunjuka. La shou ni jeusi, gumu, au linavurugika kama tope. Maji ya sheng kuukuu ni mekundu lakini yanapitisha mwanga. Ukiona kiza, uliza tena.

2. Kupika: gramu 7 za chai kwa mililita 100, maji yanayotokota, suuza majani mara mbili, kisha yaloweke sekunde 10. Usihukumu kabla ya mmimino wa tatu.

3. Sindano ya kubandulia chai iingie ubavuni mwa keki, sambamba na uso wa keki, ukibandua tabaka kwa tabaka. Vipande vilivyosagika hutoa uchungu upesi. Mkono mwingine usikae mbele ya ncha. Kovu la kidole gumba ndicho kitambulisho chetu.

4. Kuhifadhi: unyevu wa hewa asilimia 60 hadi 70, gizani, pasipo harufu. Mombasa na Dar unyevu huzidi, kagua kila wiki. Ukungu wa kijani wenye manyoya, tupa. Na jamani, iliki! Keki ikilala kabati moja na iliki na karafuu, umepata chai ya viungo ya gramu 357.

5. Nunua gramu 25 kabla ya keki nzima. Muuzaji akikataa kukata, omba picha ya majani yaliyokwisha kupikwa. Akikutumia picha ya karatasi tena, mtakie usiku mwema.