Ada mpya ya bodaboda kwenye kaunti: anzeni na risiti

Swali lilikuwa: kaunti hapa Kenya imepandisha ada ya pikipiki, wanabodaboda waanzie wapi? Si kwa kufunga barabara.

Kusanyeni risiti za steji kadhaa, muone imeandikwa ada ya nini. Kisha tafuteni Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka huo, mfungue jedwali la nyuma ambako kila ada ina mstari wake. Ikiwa yenu haimo, kifungu cha 210 cha Katiba kiko upande wenu: hakuna kodi wala ada ya leseni bila sheria. Ikiwa imo, ulizeni huduma, maana kifungu cha 209 kinairuhusu kaunti kutoza kwa huduma inazotoa. Risiti inasema "maegesho" na steji yenyewe ni kivuli cha mwembe, hakuna hata mstari wa rangi? Shikeni hapo hapo. Mkinyimwa nakala ya Sheria hiyo ya Fedha, andikeni ombi chini ya sheria ya kupata habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 kujibu.

Wengi hukwama kwenye hesabu. "Ada ni kubwa" haimkoseshi diwani usingizi. Shilingi 50 kwa siku, siku 26, ni 1,300 kwa mwezi, 15,600 kwa mwaka: hiyo anaisikia. Tena mwandikieni mstari mbadala wenye kiasi mnachokubali, la sivyo kamati ya bunge la kaunti haina cha kuingiza kwenye mswada. Mswada wa Fedha hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya ule wa matumizi, unaoidhinisha bajeti ya kaunti, kupita, kwa hivyo kuanzia Julai mtu apite kwa karani wa bunge la kaunti kila wiki.

Petisheni, yaani ombi rasmi kwa bunge la kaunti, fuateni mpangilio wa sheria ya petisheni kwa mabunge ya kaunti. Kiswahili kinakubalika. Jina, nambari ya kitambulisho, sahihi au kidole gumba, na mada iandikwe juu ya kila karatasi. Majina yaliyokusanywa kwenye kurasa za daftari zisizo na mada yanaweza kuangusha petisheni. Semeni pia kama kuna kesi mahakamani kuhusu jambo hilo.

Mkiandamana, notisi imfikie OCS, mkuu wa kituo cha polisi, siku 3 hadi 14 kabla, na matembezi yawe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni.

Wakati huo wote lipeni na mtunze risiti. Pikipiki ikivutwa na kanjo, askari wa kaunti, mtalipia na kuikomboa, na mahakama ikifuta ada, asiye na risiti hana cha kudai.